Mlaji wa Dawa za Kulevya: Jela au Tiba? Hukumu ya Sheria na Wajibu wa Familia



Sifa zote njema anastahiki Allah (Subhanahu wa Ta'ala), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam), Aali zake na Maswahaba zake wote. Amma ba'ad.

Miongoni mwa maswali yanayotufikia mara kwa mara kutoka Unguja na Pemba ni ya wazazi wenye watoto waliotumbukia katika unga. Mama anauliza: nikimpeleka mwanangu kliniki, si nitakuwa nimemkabidhi kwa polisi? Baba anauliza: hiyo methadoni si unga mwengine tu, itakuwaje halali? Na wako vijana wanaosikia kwamba nchi fulani zimeondoa adhabu ya jela kwa mlaji, wanataka kujua kama Sheria ya Kiislamu inakubaliana na jambo hilo au inalipinga. Kwa vile maswali haya yanafungamana, tumeona tuyajibu pamoja katika makala moja ambayo familia inaweza kuirejea kila inapohitaji.

1. Tufahamiane kwanza juu ya maneno

Watu wengi hugombana katika suala hili kwa sababu neno moja wanalipa maana mbili. Kuna mambo matatu tofauti:

- Kuhalalisha: dola inaruhusu kitu kiuzwe na kununuliwa kama bidhaa nyengine, kwa leseni na kodi.
- Kuondoa kosa la jinai: kitu kinabaki kimekatazwa na kinanyang'anywa, lakini anayekamatwa na kiasi kidogo cha kutumia mwenyewe hapelekwi jela wala hawekewi rekodi ya uhalifu. Hupelekwa kwenye tiba, au hutozwa faini, au hupewa amri nyengine. Muuzaji na msafirishaji wanabaki wahalifu kama kawaida.
- Kuhalalika mbele ya Allah: hili halimo katika mamlaka ya bunge wala baraza lolote.

Basi anayesema "mlaji asifungwe, atibiwe" hajasema kwamba unga ni halali. Na anayesema "unga ni haramu" hajathibitisha bado kwamba dawa yake ni jela.

2. Hali ilivyo katika visiwa vyetu

Heroini ilianza kuenea Zanzibar katika miaka ya 1980, wakati watu walipoijua kwa jina la brauni shuga na wengi wakaivuta. Baadaye ukaingia unga mweupe, ambao ni mwepesi kuyeyuka katika maji, na kujidunga kukaenea. Sehemu kubwa ya heroini hii asili yake ni Afghanistan. Husafirishwa kutoka pwani ya Makran, huko Iran na Pakistan, kwa majahazi yanayokata Bahari ya Hindi mpaka pwani yetu. Mzigo mwengi hupita kwenda kwengine, lakini kinachobaki njiani kinatosha kuangamiza mtaa.

Kujidunga kumeleta balaa la pili. Zanzibar imejaaliwa kiwango cha chini cha virusi vya Ukimwi, chini ya asilimia 1 katika watu kwa jumla. Lakini uchunguzi uliofanywa miongoni mwa wanaojidunga mwaka 2007 na mwaka 2012 ulikuta zaidi ya asilimia 10 wana maambukizi. Sababu ni kuchangia mabomba ya sindano. Wengine wanajidunga damu ya mwenzao aliyetangulia kujidunga, wakidhani watapunguza arosto. Wengi wa watu hawa wana wake, au watakuja kuoa.

Kwa upande wa sheria, kumiliki na kutumia dawa za kulevya ni kosa la jinai Zanzibar na Tanzania Bara pia. Zanzibar ilitunga Sheria Namba 8 ya mwaka 2021 iliyounda Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Kwa upande wa tiba, kuanzia mwaka 2009 zilianzishwa nyumba za upataji nafuu, ambazo watu huziita soba, na mwaka 2015 kliniki ya methadoni ilianza katika hospitali ya Kidongo Chekundu, miaka minne baada ya Muhimbili kuanza huko Dar es Salaam. Kwa hiyo tayari tuna milango miwili, wa polisi na wa tabibu. Mzazi anachouliza ni mlango upi agonge.

3. Uharamu wa dawa za kulevya

Katika hili hakuna khilafu inayotegemewa. Allah (Subhanahu wa Ta'ala) ameharamisha ulevi katika Suratul Maaidah, Aya ya 90 na 91, na akabainisha sababu: shetani anautumia kutia uadui baina ya watu na kuwazuia na kumkumbuka Allah na Swala. Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) akatujuulisha kwamba kila chenye kulevya kinaingia katika hukumu hiyo, na katika riwaya ya Ummu Salamah (Radhiya Allahu 'anha) iliyomo katika Sunan Abi Daawuud amekataza pia kila chenye kudhoofisha na kulegeza mwili. Heroini, kokeini, bangi na vidonge vinavyomezwa kwa kulevya vyote vimo humo.

Tena wanazuoni wamesema Sheria imekuja kulinda mambo matano: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Ni machache yanayobomoa yote matano kwa pamoja kama unga. Mlaji huacha Swala, hudhoofisha mwili wake, hupotewa na akili, huvunja ndoa yake, na huuza mpaka sufuria ya mama yake.

Basi asije mtu akadhani kwamba tunayoyaeleza hapa chini yanalegeza uharamu huu.

4. Je, Sheria imeweka adhabu maalumu kwa mlaji wa unga?

Hapa panahitaji utulivu. Mnywaji wa pombe ana hadd iliyothibiti, nayo kwa madhehebu ya Imamu Shafi'i ni mijeledi arubaini. Ama vitu vigumu vinavyoondosha akili, kama banji na afyuni, mafakihi wetu wa Kishafi'i wamesema ni haramu na mlaji wake anastahiki ta'zir, yaani adhabu ya kutia adabu ambayo kiwango chake kimeachiwa kiongozi. Wako waliokwenda njia nyengine. Shaykhul Islam Ibn Taymiyyah aliona mlaji wa hashishi apigwe hadd kama mnywaji wa pombe. Lakini kauli iliyozoeleka katika vitabu vinavyosomeshwa katika darsa za visiwani ni ya ta'zir.

Tofauti hii ina uzito mkubwa. Hadd ikishathibiti mbele ya kadhi haibadilishwi. Ta'zir inafuata maslaha: kiongozi anaweza kuonya, kufunga, kutoza, au kusamehe akiona hilo ndilo litakalomrekebisha mtu. Kwa msingi huo, ikiwa watu wa ujuzi watathibitisha kwamba kumpeleka mlaji kwenye tiba kunamwachisha zaidi kuliko kumfunga, basi kiongozi kufanya hivyo hajatoka katika Sheria. Ametumia nafasi ambayo Sheria yenyewe imempa.

Kwa muuzaji hali ni tofauti kabisa. Yeye hakushindwa na nafsi yake tu. Anatafuta faida kwa kuangamiza watoto wa wenzake, na kumhurumia ni kuwadhulumu hao watoto. Wala hatuoni nafasi ya kumwachia kwa kisingizio kwamba "na yeye ana familia".

Tukumbuke pia kisa kilichomo katika Sahihi al-Bukhari, kilichosimuliwa na 'Umar bin al-Khattwaab (Radhiya Allahu 'anhu). Alikuwapo mtu mmoja aliyeletwa mara kwa mara mbele ya Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) kwa kunywa pombe, na akiadhibiwa. Siku moja mtu mwengine akamlaani kwa vile alivyozidi kurudia. Mtume akakataza asilaaniwe, na akamshuhudilia kwamba anampenda Allah na Mtume Wake. Katika riwaya nyengine amekataza kumsaidia shetani dhidi ya ndugu yetu. Adhabu ilitekelezwa, lakini mtu hakutolewa katika udugu wala hakuitwa jina la kumdhalilisha. Tujiulize sisi tunaowaita watoto wetu "mateja" mchana kutwa tunamsaidia nani.

5. Jela inamfanya nini mlaji?

Madaktari wa fani hii wanaueleza uraibu kuwa ni maradhi ya kudumu yanayobadilisha namna ubongo unavyofanya kazi. Mwanzo mtu anaonja kwa hiari yake, na kwa hilo atahesabiwa. Lakini mwili ukishazoea, arosto inaanza baina ya saa 6 na 12 baada ya kete ya mwisho, inafika kilele siku ya pili au ya tatu, na inapungua ndani ya wiki moja au zaidi kidogo. Mtu anatapika, anaharisha, anatetemeka, mifupa inamuuma, halali. Baada ya hapo mwili unatulia, lakini hamu inabaki kwa miezi na miaka.

Hapa ndipo pana hatari ambayo familia nyingi haziijui. Mtu aliyekaa wiki kadhaa bila ya unga, iwe jela, iwe soba, iwe amefungiwa chumbani kwao, mwili wake umepoteza ule uzoefu. Akitoka na kurudia kiasi kile kile alichokuwa akitumia zamani, pumzi inaweza kusita akafa papo hapo. Siku na wiki za mwanzo baada ya kutoka kifungoni ni miongoni mwa nyakati za hatari kubwa kabisa kwa mlaji wa heroini. Kifungo kisicho na tiba ndani yake wala ufuatiliaji baada yake hakimuachishi. Kinamtoa akiwa dhaifu zaidi, na amejuana na watu wabaya zaidi.

Juu ya hayo, khofu ya kukamatwa inamfanya mlaji ajifiche. Anajidunga haraka katika gofu na bomba alilolikuta. Mwenzake akizidiwa, wenziwe wanakimbia badala ya kumkimbiza hospitali, kwa kuogopa kuulizwa na polisi.

6. Nchi nyengine zimejaribu nini?

Tunataja mifano minne, miwili ya nchi zisizo za Kiislamu zilizoondoa jinai na miwili ya nchi za Kiislamu zilizofungua tiba.

Ureno. Katika miaka ya 1990 nchi hii ilikuwa na janga kubwa la heroini, watu wapatao mmoja katika kila mia. Kuanzia Julai 2001, anayekamatwa na kiasi kisichozidi matumizi ya siku 10 hapelekwi mahakamani. Anafikishwa mbele ya tume ya watu watatu wenye ujuzi wa sheria, afya na ustawi wa jamii, nayo inamsukuma kwenye tiba. Kuuza kunabaki jinai. Pamoja na hayo serikali ilitanua sana methadoni na vituo vya matibabu. Maambukizi mapya ya virusi vya Ukimwi miongoni mwa watumiaji yalikuwa zaidi ya 1,000 kwa mwaka mwanzoni, yakashuka mpaka chini ya 100. Lakini baada ya mwaka 2012, bajeti na usimamizi vilipolegezwa, malalamiko ya wakaazi wa Porto na Lisbon juu ya watu kutumia hadharani yakarudi.

Oregon, Marekani. Wapigakura wa jimbo hili waliondoa jinai ya kumiliki kiasi kidogo, na sheria ikaanza Februari 2021. Adhabu ikawa faini ya dola 100, ambayo mtu aliweza kuepushwa nayo akipiga simu kuulizia tiba. Waliopiga walikuwa wachache mno. Fedha za vituo vya tiba zilichelewa, na wakati huo huo fentanili, ambayo ni kali kuliko heroini, ikaenea mitaani. Watu wakachoka, na kuanzia Septemba 2024 jimbo likarudisha jinai.

Iran. Dola hii ilikuwa na adhabu kali sana kwa mambo ya dawa za kulevya, na jela zake zikajaa na kuwa chimbuko la maambukizi kwa kuchangia sindano. Mwaka 2005 mkuu wa mahakama wa nchi hiyo alitoa waraka wa kuwataka mahakimu na waendesha mashitaka wasiwazuie wanaotoa methadoni na sindano safi kwa waraibu. Sheria ya mwaka 2010 ikamkinga na mashitaka mlaji anayehudhuria tiba. Wasafirishaji waliendelea kuadhibiwa vikali.

Malaysia. Hawa ni Mashafi'i kama sisi. Walianza methadoni mwaka 2005, na mwaka 2010 Msikiti wa Ar-Rahman mjini Kuala Lumpur, ulio jirani na Chuo Kikuu cha Malaya, ukaanza kutoa dawa hiyo pamoja na mawaidha na mafunzo ya dini. Mlaji anakuja msikitini, anakunywa dozi yake, anaswali na jamaa.

Funzo tunalolipata ni hili: tiba ndiyo iliyoleta tofauti. Oregon iliondoa adhabu kabla ya kujenga tiba, ikashindwa. Ureno ilifanya yote mawili ikafaulu, na ilipopunguza tiba ikatetereka. Iran na Malaysia ziliufungua mlango wa tiba huku zikishika ukali kwa wauzaji. Kwa hivyo hatuungi mkono kuondoa tu kifungu cha sheria na kuwaacha vijana mitaani. Tunaunga mkono kwamba mlaji anayekubali kutibiwa asifungwe, kliniki na soba ziwe mahali pa amani ambapo hakamatwi mtu kwa kuhudhuria, na sheria ibaki na makali yake kwa muuzaji na msafirishaji.

7. Methadoni: je, ni kutibu haramu kwa haramu?

Methadoni ni dawa ya maji inayonywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu wa afya. Ni katika jamii moja na heroini, lakini inafanya kazi polepole na kwa muda mrefu. Ikipimwa vizuri inaondosha arosto na hamu bila ya kumlevya mtu, naye anaweza kufanya kazi, kuswali na kulea watoto. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005.

Anayeona jambo hili ni geni katika fiqhi, arejee kwa Imamu Ibn Hajar al-Haytamii, mwanachuoni wa Kishafi'i wa Makka aliyefariki mwaka 974 Hijria, mtunzi wa Tuhfatul Muhtaaj. Aliulizwa juu ya mtu aliyezoea kula afyuni mpaka ikawa akiiacha ataangamia. Jibu lake ni kwamba ikijulikana kwa yakini kuwa ataangamia, kwake inahalalika, bali inamwajibikia, kwa dharura ya kuokoa roho, kama nyamafu kwa aliyeshikwa na njaa ya kufisha. Lakini akaweka sharti: lazima apunguze kidogo kidogo mpaka mwili usiihitaji tena, na akiacha kupunguza anapata dhambi. Fatwa hii ilinukuliwa hata na mafakihi wa Kihanafi.

Zaidi ya miaka 450 imepita, na heroini inatokana na afyuni ile ile. Vile vile wanazuoni wetu waliruhusu kitu kigumu cha kuondosha akili kitumike panapohitajika kukata kiungo kilichooza. Na Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) ametuamrisha kutafuta matibabu, akatujuulisha kwamba Allah hakuteremsha maradhi ila ameyawekea dawa.

Kwa misingi hiyo tunaona methadoni inajuzu kwa masharti yafuatayo:

- Iwe imeandikwa na tabibu mwenye ujuzi, na mgonjwa awe ni mraibu kweli.
- Inywewe kwa kiasi alichopangiwa. Kuiuza, kumpa mwengine, au kuichanganya na unga au valiamu ni haramu, na kuchanganya huko kunaua.
- Mgonjwa awe na nia ya kuacha. Kupunguza dozi kufuate ushauri wa tabibu na si papara za familia, kwani anayekatishwa mapema mara nyingi hurudi kwenye unga. Wapo watakaohitaji miaka, na hao wanaingia katika hukumu ya mgonjwa wa muda mrefu.

8. Maswali ya familia

Je, tumfunge mnyororo nyumbani mpaka arosto iishe?
Haifai. Kumtesa mtu si tiba, na tumeshaeleza hatari ya kifo pale atakapofunguliwa. Tena ikiwa anatumia pombe au valiamu pamoja na unga, kukatishwa ghafla kunaweza kumletea kifafa na kumuua. Mpelekeni kwa tabibu kwanza.

Je, asomewe ruqya?
Ruqya ya Kisheria ni kheri kwa kila mgonjwa. Lakini asiambiwe aache dawa kwa ajili yake, na ajihadharini na waganga wanaodai kuwa uraibu wote ni jini na kutoza fedha nyingi. Dua na dawa havigombani.

Anasema haswali kwa sababu Swala ya mlevi haikubaliwi siku arubaini. Ni sahihi?
Riwaya hiyo ipo kuhusu pombe, lakini wanazuoni, akiwemo Imamu an-Nawawi, wamefafanua kwamba kinachokosekana ni thawabu, na wajibu wa kuswali haumwondokei. Akiacha Swala anaongeza dhambi juu ya dhambi. Aswali kila anapokuwa na akili zake, na huenda Swala hiyo ndiyo itakayomtoa.

Ramadhani anakunywa methadoni asubuhi. Afanyeje?
Dawa inayomezwa inafunguza. Kwa kuwa dozi ni moja kwa siku, azungumze mapema na kliniki kama inawezekana saa zihamishwe baada ya futari. Ikishindikana, na tabibu akasema kuiacha kutamdhuru, basi ni mgonjwa: atakula na atalipa baadaye. Akiwa hatarajii kupata uwezo wa kulipa, atatoa fidia ya kibaba kwa kila siku. Asiache dozi kwa kuona haya mbele za watu.

Tumuozeshe, huenda akatulia?
Hili ni katika makosa makubwa tunayoyaona. Kumficha mke na walii wake maradhi haya ni hadaa, na linaweza kumletea binti wa watu maambukizi na umasikini. Atibiwe kwanza, apimwe, na posa ikija aelezwe ukweli.

Zaka yaweza kulipia tiba yake?
Akiwa fakiri au masikini, anaingia katika wanaostahiki waliotajwa katika Suratut Tawbah, Aya ya 60. Asipewe fedha mkononi. Achukuliwe idhini yake, kisha kituo kilipwe kwa niaba yake.

Binti yetu ndiye anayetumia. Tumsitiri nyumbani?
Kusitiri ni kutomtangaza, na kumnyima tiba hakumo katika kusitiri. Wanawake wanachelewa zaidi kutibiwa kwa sababu ya aibu ya ukoo. Afuatane na mama au shangazi, na aulizie mhudumu wa kike.

Tukimkuta amezidiwa?
Dalili ni pumzi nzito za mbalimbali au kukoroma kusiko kawaida, midomo kugeuka rangi, mboni za macho kuwa ndogo mno, na kutoitika. Mlazeni ubavu, msimwachie peke yake, msimnyweshe maziwa wala maji ya chumvi, na mumkimbize hospitali mara moja. Waelezeni wauguzi ukweli wa alichotumia, kwani ipo dawa iitwayo naloksoni inayorudisha pumzi ikiwahi. Kuficha kwa kuona haya kunaweza kuwa sababu ya mauti.

Akifa kwa kuzidisha, anaswaliwa?
Ndiyo. Ni Muislamu, anaoshwa, anakafiniwa, anaswaliwa na kuzikwa katika makaburi ya Waislamu. Asinyanyapaliwe, na wafiwa wasisimangwe.

9. Wajibu wetu sote

Maimamu wazungumze juu ya tiba katika khutba kama wanavyozungumza juu ya uharamu, ili mama aliyekaa nyuma ya pazia ajue pa kwenda. Walimu wa madrasa na skuli wawape watoto ukweli kabla muuzaji hajawapa uongo. Matajiri wafikirie wakfu wa kulipia soba kwa wasio na uwezo, kwani familia nyingi zinamtoa kijana katikati ya tiba kwa kushindwa kulipa. Wenye kazi, hata ya kubeba mizigo bandarini au kusafisha mashua, wampe nafasi aliyeacha, kwa sababu kijana anayekaa maskani bila ya shughuli anarudi walipo wenziwe.

Na tusimkinge muuzaji. Katika mitaa yetu nyumba zinajulikana, na mara nyengine msaada wake unapokelewa harusini na hata msikitini. Mali hiyo ni haramu, na kunyamaza kwetu ndiko kunakomfanya ajione mtu mwema.

10. Hitimisho

- Dawa za kulevya ni haramu, na hakuna sheria ya nchi inayoweza kubadilisha hilo.
- Adhabu ya mlaji wa unga ni katika mlango wa ta'zir kwa kauli ya Mashafi'i, na inajuzu kiongozi kuweka tiba mahali pa jela panapokuwa na maslaha.
- Muuzaji na msafirishaji waendelee kuwa wahalifu.
- Kuondoa adhabu bila ya kuweka tiba kunaleta madhara, na kufunga bila ya tiba vile vile.
- Methadoni kwa masharti yake inajuzu, na msingi wake umo katika fiqhi yetu wenyewe.
- Mzazi ampeleke mwanawe kwa tabibu na asiogope. Kumtibu ni wajibu kwa mwenye uwezo, na toba yake iko wazi maadamu roho haijafika kooni.

Tunamuomba Allah (Subhanahu wa Ta'ala) awaponye vijana wetu wa kiume na wa kike, awape subira wazazi wao, na avilinde visiwa vyetu na kila anayevitakia shari. Aamiyn.

Na Allah ni Mjuzi zaidi.